Schamba

Jumatatu, masjala ya ardhi, Lindi mjini,
feni imekufa tangu Ramadhani.
Somoe Chande wa Ng'apa kaja na bahasha ya kaki,
ndani ya bahasha mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa,
ndani ya kitambaa karatasi moja
rangi ya chai ya jana:

*Schamba la Tschande. Minasi arobaini.
Mpaka wa juu, ndjia ya Wajao.*

Afisa akaisoma mara mbili, akavua miwani.
"Dada, huyu si babu yako.
Babu yako anaanza na C."

Mimi ndiye karani. Mwaka wa kumi na tisa napangusa madaftari haya
na waliomo nawajua:
Ssudi ya S mbili, kama mafuta yalipoona samaki;
Kiwindje, ambayo hakuna mtu wa Kivinje aliyewahi kuitamka;
na Kilwa, ambayo Mreno, zamani zaidi, aliisikia Quiloa
akaondoka nayo hivyo hivyo, hakuirudisha.

Namwona yule mwandishi wa boma, kola imemkaba,
kalamu imechovywa, sikio limetoka mbali.
Babu kasema Chande. Taratibu, kama mtu anavyomwambia mgeni.
Naye akaisikia vizuri ile ch,
ila kwao ch ilikuwa na kazi nyingine, ya kukwaruza koo,
basi akaitangulizia ti, akaongeza esi,
herufi nne zikabeba sauti moja
kama wapagazi wanne na machela, bwana mmoja juu.

Hakukosea. Hilo ndilo ninaloshindwa kumweleza afisa.
Aliandika sawasawa, kwa sikio lake.
Kisha akaja Mwingereza na taipureta,
akafyeka T, akafyeka S,
akamwacha Chande mwepesi,
na shamba likabaki kwa yule mzito.

Tena huyo mfyekaji! Kamusi yake ipo, rafu ya chini, mchwa wameionja.
"Leo" ya Kiingereza ilikuwa na kistari katikati, kama mtu kajikwaa.
"Jela" waliiandika jirani kabisa na "goli";
kidato cha pili nilidhani wafungwa wanacheza mpira.

Na sisi je? Bibi yangu alifungua barua zake kwa "khabari,"
mwalimu akaikata kh kwa wino mwekundu
mpaka bibi akaacha kuandika, akawa anatuma salamu kwa mdomo.

Wakili yuko ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vipuri.
Hati ya kiapo, elfu ishirini.
Somoe akaapa
kwamba Tschande na Chande ni mtu mmoja,
kwamba alikuwa na makovu ya ndui na hakupenda mlenda
(wakili akakifuta hicho),
kwamba schamba ni shamba na minasi ni minazi,
ingawa minazi ilikwisha kufa, sasa pana ufuta.

Muhuri. Meza ikatikisika.

Jioni nilimwaga vyeti vyangu kitandani.
Kliniki, mama aliniandikisha Asumani.
Shule ikasema Athumani. Kadi ya kura, Othman.
Tuko watatu, mshahara mmoja.

Msimu ulipofika nikamkuta ghalani, chama cha msingi,
gunia lake limeandikwa kwa rangi ya mlango,
TSCHANDE,
ile T ndefu imevuka mshono.
Kijana wa mizani akacheka: "Umekosea, dada. Linasomwaje hili?"
"Chande."
Akageuza kichwa huku na huku, kalamu juu ya stakabadhi.
"Wewe andika unavyosikia," Somoe akamwambia.

Akaandika: Shande.
Kilo tisini na mbili.